Babu Yako na Hendeli ya Jenereta

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Didia hatujambo, mama yako anavuna choroko, mimi ni mguu tu unanisumbua.

Unaniuliza kama uache kusomea umeme, maana wenzako chuoni wanakuita mwoga kila ukikagua mara ya pili kama umezimwa. Barua yako imeninyima usingizi.

Nikamkumbuka babu yako. Ujanani, kule machimboni Kharumwa, kila mara kabla ya kushuka shimoni kurekebisha nyaya za pampu, alizima jenereta, akachomoa hendeli ya kuiwashia, akashuka nayo. Walimcheka: "Masanja, hiyo hendeli utachimbia dhahabu?"

Siku moja mchimbaji mwenzake akaja mbio kuwasha, hajui kuna mtu chini. Akatafuta hendeli huku anatukana. Mara babu yako huyo anachomoza, hendeli kiunoni.

"Unatafuta hii?"

Yule bwana akakaa chini. "Kumbe ningekuua!"

Utani haukuisha, walimwita mwoga mpaka mvi zikamjaa. Na huyo mwoga ndiye aliyekubeba mabegani ulipokuwa mdogo.

Hendeli ninayo, nachochea nayo moto. Ukija likizo uichukue.

Bibi yako anayekuombea