Lunette ya Léon inapindua watu

Kahindo, uko? Acha kupika, soma kwanza.

Unakumbuka ile lunette ya kuangalia nyota, yenye bwana yangu Léon alikuwa anasimamisha inje, mu lupango ya nyumba yetu, kila magaribi, mu 84, wakati wa Zaïre?

Leo anajisifu mbele ya wageni: «Kwa macho unaona nyota moja. Mu lunette zinakuwa mbili!»

Nikamwambia: «Nyota gani? Ilikuwa inaangalia chini, kwa jirani Noëlla.»

Akacheka: «Mama Berthe, lunette ile inapindua kila kitu. Mwanamuke akiondosha nguo ku kamba, unamuona miguu juu. Nani atafurahia vile?»

Kahindo. MIGUU JUU. Nguo ku kamba!

Nyota haina miguu. Alijua namna gani?

Nimemuuliza. Tangu pale anakunywa chai tu, na chai ilishaisha mu kikombe.