Jina la Mizrahi

Jumanne

Eti mi si wa kwao! Binamu ya baba, yule wa Brussels, kanijibu leo kwa simu: baba yako hakuitwa Mizrahi, basi si wetu. Kwani hajui huku Burundi kila mutoto anapewa jina lake peke yake, si la ukoo?

Sensa ya zamani ya Wabeleji nimeiona. Babu yangu Mizrahi, Myahudi, alimuandikisha bibi kama mupishi wa nyumba, na baba kama mutoto wa mupishi. Mutoto wake mwenyewe!

Naogopa hasira hii isije ikamudhuru huyu aliye tumboni. Lakini nimeapa. Desturi itanisamehe: nikizaa, nitamuita Mizrahi. Wakitafuta jina lao kwenye sensa ijayo, watamukuta hapa Kanyosha, mweusi tii.