Ubao Mmoja kwa Kamati

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Barua imefika! Shule ya sekondari ya wazazi inaniita Ijumaa kwa somo la majaribio mbele ya kamati. Neno moja la kawaida la Kiingereza, maana zake zote na asili yake. Dakika ishirini. Nikipata kazi, napata na vyumba viwili vya walimu. Nisipopata – mwisho wa mwezi mimi na Mama tuko nje. Ofisi ya komini, serikali ya hapa, imeshasema nyumba irudi kwa mwenyewe.

Mwenyewe ni Mukashyaka. Alirudi Juni kutoka ukimbizini Masisi, ng'ambo ya mpaka, na watoto wawili. Analala jikoni, uani kwake mwenyewe. Sisi tuliorudi nchini kutoka ukimbizini Karagwe mwaka 94, wenyeji wamekimbia, tukaikuta nyumba tupu, tunalala chumbani kwake. Tunasalimiana vizuri. Basi.

Jumanne, 3 Agosti

Nimevuka mpaka wa Grande Barrière asubuhi kwenda Goma kwa Dauda, muuza vitabu vikuukuu. Ana kamusi nene, haiuzi wala haiazimishi. "Soma hapa hapa, mwalimu. Ukienda nayo, mi nabaki na nini?" Nimenakili nimesimama.

Nimechagua board. Kumbe! Mwanzo ni ubao tu. Ubao ukawa meza. Meza ikawa chakula kinachowekwa juu yake – ndiyo sababu shule za bweni huitwa boarding, mtoto analala na kulishwa. Wanaokaa kuizunguka meza nao ni board, yaani kamati yenyewe! Ubavu wa meli nao ulikuwa ubao, ndiyo maana kupanda meli, na sasa ndege, nako ni board. Waingereza hawa, neno moja wanalitumikisha kama punda. Nimecheka peke yangu hadi mpakani.

Jumatano, 4 Agosti

Emmy, anayeomba kazi hiyohiyo, naye ameitwa. Amekulia Uganda, Kiingereza chake kinateleza. Changu ni cha vitabuni, najua. Lakini kufundisha namzidi! Nataka kamati waone ubao wenyewe kwa macho. Nyuma ya kabati la chumbani kuna mmoja mrefu, mzuri. Nimevunja betri nne za redio, nikasaga ule unga mweusi na majani ya viazi vitamu, nikapaka mara mbili. Ndivyo tulivyotengeneza mbao za darasa Karagwe. Saa nane ulikuwa umekauka. Mweusi ti!

Alhamisi, 5 Agosti

Mukashyaka ameuona ukutani. Akaugusa kwa kidole. Akasema, sauti ya kawaida kabisa: "Ile mbao bwana yangu alikuwa anapimia batoto urefu. Na majina tuliandikaka."

Kweli mistari ya penseli ilikuwepo. Minne, na maandishi yaliyofifia kando. Nilidhani vipimo vya fundi. Miaka mitano nausogeza nikifagia, sikuwahi kujiuliza ni wa nani. Watoto alio nao ni wawili.

Nilimwomba radhi, nikasema nitausugua. "Ukisugua, na ile mistari ya chini ya rangi itatoka." Akarudi kwenye maharage yake. Nimeona aibu, sijui hata pa kuweka uso.

Ijumaa, 6 Agosti

Ubao sikuupeleka. Nimegonga meza ya kamati: hii ni board, mnachokula juu yake ni board, na nyinyi mnaoizunguka ni board. Wamecheka, hata mwenyekiti Rutagengwa, na yule kununa ndiyo kazi yake. Nimefundisha kwa Kiingereza, nikamalizia kwa Kiswahili ili kila mzazi ashike. Emmy amesema kama redio ya London. Nusu ya wazazi walikuwa wanatazama ziwa dirishani.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimepata! Mama amepiga vigelegele mpaka jirani wakatoka. Kisha Rutagengwa akaniita pembeni. "Bon, mwalimu, kazi ni Septemba. Vyumba bado havijaezekwa, ni mpaka Januari."

Miezi minne. Hatuna ndugu mji huu. Wa kuombwa ni mmoja tu.

Jumanne, 10 Agosti

Nimekwenda jikoni. Nimepiga hodi – mlango ambao miaka yote nilikuwa naufungua kwa teke. Mukashyaka akanipa kigoda. Nimemwomba: yeye na watoto waingie ndani hata kesho, mimi na Mama tuhamie jikoni, mpaka Januari.

Alipepeta maharage, akapuliza makapi, ndipo akauliza, bila hasira:

"Siku ile muliingia, mulipiga hodi?"

Mama alikuwa ananingoja uani. Nimemwambia Mukashyaka bado anafikiri. Si kweli. Anangoja nimjibu.