Zamu ya Konsolata

Jumamosi, Novemba 1997. Kibondo. Mvua tangu alfajiri, na mimi naogopa.

Naliandika hilo mwanzoni kabisa, nisije nikajidanganya baadaye. Naogopa mpaka chai ya jioni imenishinda.

Msako ulianza juzi. Askari na mgambo wanakamata Warundi wote wanaokutwa nje ya kambi ya wakimbizi, wanawapakia kwenye malori. Kuna wanaosema wanarudishwa kambini tu, kuna wanaosema wanapelekwa mpakani. Hakuna anayejua, ila kila mtu anaapa.

Na leo ndiyo siku ya klabu yetu ya kusoma. Watoto wa darasa la nne mpaka la sita, chumba kimoja nyuma ya kanisa, na kitabu kimoja kizuri cha hadithi nilichokibeba kutoka Kasulu nilikosomea ualimu. Nakala ni hiyo moja, ndiyo maana tuna zamu. Mmoja anakwenda nacho nyumbani wiki nzima, anasoma sura yake, Jumamosi anasimama anatusimulia. Sisi wengine hatuijui sura hiyo mpaka yeye afungue mdomo. Hata mimi niliwaapia watoto kwamba sichungulii. Na sheria niliitunga mwenyewe: usipokuja siku ya zamu yako, imekupita mpaka muhula ujao.

Leo ilikuwa zamu ya Konsolata.

Konsolata anatoka kambini. Ana miaka kumi na miwili, anaongea kama cherehani, na akisimulia huigiza sauti zote mpaka za mbuzi. Jumamosi iliyopita nilimtania huku nimemkazia macho, "Usipokuja, mwanangu, shauri yako." Jamani, nani alinituma?

Asubuhi watoto walikaa, tukamsubiri. Nikawategea vitendawili, nikawaimbisha, macho yangu mlangoni. Lori lilipita barabarani, wote tukageuka kulitazama.

Aliyeingia hatimaye ni Mama Yusta, muuza uyoga, kalowa chapachapa. Akatoa kitabu chetu kikapuni, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, rambo.

"Mwalimu, yule binti wako wa kambini wamempandisha kwenye lori, kule darajani. Alinirushia hiki. Analia, anasema mwambie mwalimu nilikuwa nakuja, asinifutie zamu."

Asinifutie zamu.

"Imana yanje!" Likanitoka mbele ya watoto, kwa sauti ya marehemu mama yangu, maana ndivyo alivyomwita Mungu kila aliposhtuka. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa amenibeba mgongoni. Hapa mjini mimi ni Muha wa Kasulu, basi, na karatasi ya kunitetea sina. Nikienda kambini kumuulizia Konsolata, watauliza: wewe ni nani yake? Halafu watauliza: na wewe kwenu wapi?

Mama Yusta ananijua asili yangu. Akaninong'oneza, "Nyamaza tu, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki." Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili kwamba huyu si maji, huyu ni mtoto. Hakukasirika. Alinishika bega, akarudi kwenye mvua yake.

Watoto wakaanza. Sasa nani atatusimulia? Soma wewe, mwalimu, kitabu si hiki hapa! Nilikifungua kidogo tu. Mwishoni mwa sura yake kulikuwa na unyasi wa kuwekea alama, bado mbichi. Alikuwa ameimaliza. Nikakifunga haraka, nikawaambia waende nyumbani kabla mvua haijazidi.

Tangu hapo nimekaa humu ndani nikisikiliza kila gari. Najiambia yuko kambini, mama yake anamkaripia kwa kutoka siku ya hatari kama hii. Huenda ni kweli. Na huenda yuko mpakani, peke yake, akiwaza kwamba nimemkasirikia.

Alitoka kwa sababu yangu. Hilo haliniachii nipumue.

Kesho nikitoka kanisani nakwenda moja kwa moja getini kambini. Nitawaambia mimi ni mwalimu wake na nimekuja kumwona. Wakiniuliza kwetu wapi, sijui nitajibu nini. Nitakwenda hivyo hivyo.

Kitabu nimekirudisha kwenye mfuko wake. Sura ile sijaisoma. Atanisimulia mwenyewe.