Nyota Zangu Thelathini na Nane

Nasma, usinipigie, sitaweza kuongea. Soma tu.

Usaili wa shahada ya uzamivu umeisha sasa hivi. Nimeharibu, rafiki yangu. Nimeharibu vibaya.

Unazikumbuka zile nyota zangu thelathini na nane? Zile ambazo ukichambua mwanga wake unakuta chuma kidogo mno, nikawa nasema ni mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa na yetu zamani? Miaka miwili, Nasma!

Profesa mmoja, mama mpole kabisa, akaniuliza, "Tumpe, umehakikisha kwamba hizi ni nyota tofauti?"

Nikasema ndiyo. NILISEMA NDIYO!!

Akasema, "Basi tufungue orodha yako pamoja."

Ni nyota nne. NNE. Zilipimwa mara nyingi, kila kipimo kikapewa namba yake, na mimi nikahesabu kila namba kuwa nyota.

Hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Pole sana, Tumpe." Bora angenifokea.

Sasa sikia. Usaili niliufanyia ofisini kwa mkuu wa shule, maana ndiko kwenye intaneti. Natoka, namkuta mkuu mwenyewe, Mwalimu Osmund, mlangoni, meno yote nje. Alikuwa anasikiliza Kiingereza changu tu, yaliyosemwa hakuyaelewa.

"Hongera, Mwalimu! Songea tumetoka kifua mbele!" Na walimu nyuma yake wanapiga makofi.

Nikasema asante. Nasma, nilisema asante!

Nimejifungia maabara. Kengele imegongwa, na wanafunzi wote wako paredi wanasubiri niwasimulie nilivyogundua galaksi.