Kijiti cha Oili ya Gia

Shoga, uko? Nimejifungia chooni na mtoto.

Asubuhi, kwa baridi ile, gari letu kuukuu la otomatiki limegoma tena. Ukitia gia linanguruma tu, haliendi. Baba watoto akamwita fundi.

Fundi akachomoa kijiti cha oili ya gia papo hapo. Nikamwambia, "Hiyo hupimwa gari likishapata moto; ikiwa baridi huonekana pungufu. Tumefundishwa kwenye darasa la jioni la ufundi magari."

Unajua alinijibu nini? "Mama, kinachopimwa kikipata moto ni sufuria."

SUFURIA, shoga! Na mume wangu akacheka mpaka akashikilia boneti.

Basi fundi akasema oili imepungua, akaongeza, akaongeza tena, gari likaondoka. Tulipofika barabarani gari likapata moto, oili ikafanya povu, ikafurika, ikamwagika chini.

Mume wangu akampigia fundi, simu iko spika. Fundi akasema, "Mwambie mkeo asiguse gari."

Mume wangu akanigeukia: "Mkosi wewe. Hilo darasa la jioni limeisha leo."

Akachana ukurasa wa daftari langu la darasa, akafutia mikono yenye oili.

Nimeuokota. Ni ule ule, shoga: "Pima oili gari likishapata moto."

Nimeuanika hapa kwenye dirisha la choo. Bado unasomeka.