Taa Iliyozibwa kwa Ugali

Deo mjukuu wangu, mume wangu, mwaka wa pili hukanyagi Sumbawanga, unasubiri msiba? Hatujambo. Dada yako anaandika ninayosema.

Unauliza kama uendelee kuendesha hilo gari lako kuukuu wakati taa ya injini inawaka. Babu yako, taa ya oili ya gari lake ilipowaka, aliiziba kwa tonge la ugali wa ulezi. "Inaniudhi," akasema. Tulikaribia mteremko wa Kasanga, mama yako mchanga mgongoni kwangu. Nikalibandua tonge. Kataa kadogo, kekundu, kananitazama.

"Simama, au nashuka!"

Kufungua injini, oili imekwisha kabisa. Hadi leo nashangaa: chuma kisicho na mdomo kilituambia kinaumwa.

Lipeleke gari lako kwa fundi. Ukija, niketishe mbele, uwashe gari, nikaone kataa kakizimika kenyewe, bila tonge.